Udongo Unakokwenda: Kutoka Mzakwe hadi Gulwe

Jumatatu: Mzakwe, kisha Kondoa

Tumetoka Dodoma mjini saa kumi na mbili alfajiri, kabla jua la Novemba halijapamba moto. Gari ni la Mjomba, pikapu kuukuu ambayo mlango wa abiria unafunguka kwa nje tu, kwa hiyo kila tunaposimama inabidi nipitishe mkono dirishani. Mimi na Mjomba hatuna undugu wa damu. Ni Mgogo wa Mvumi, dereva mstaafu, na siku hizi anabebea watu mizigo. Ana mabomba ya maji ya kupeleka Kondoa na mbegu za kupeleka Mpwapwa. Mimi nina likizo ambayo ingeniishia kwenye kochi.

Kazi yangu ni upimaji wa ardhi. Tangu serikali ilipotangaza mwaka 2016 kwamba sasa inahamia Dodoma kweli kweli, nimepiga vigingi kwenye mapori ambayo msimu uliofuata yalikuwa mabati matupu. Nimeona pia mvua moja inavyochimba korongo katikati ya barabara ya mtaa iliyochongwa wiki mbili nyuma. Udongo ule wote lazima unakwenda mahali. Nikamwambia Mjomba nataka nijue ni wapi. Akasema, "Injinia, udongo unakwenda chini. Panda gari twende."

Kabla ya Msalato tumeanza kupishana na mkaa. Kwanza baiskeli, gunia mbili mbili zimefungwa kwa mipira, mwenye baiskeli anasukuma kwa sababu hakuna mahali pa kukaa. Kisha bodaboda, gunia tatu, nne, dereva haonekani kwa nyuma. Tumesimama kunywa chai kwa mama mmoja mwenye kibanda cha chapati na supu. Nikamuuliza kwa nini bado anatumia mkaa wakati mtungi wa gesi nauona pale pale nyuma yake. Akacheka. "Huo mtungi mwanangu, ukiisha, unaisha wote kwa pamoja. Mkaa nanunua kwa kopo. Leo nimeuza, nanunua makopo matatu. Leo sijauza, nanunua moja." Taifa lina mkakati wa nishati safi ya kupikia wa 2024 hadi 2034, na lengo lake ni kwamba asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi mwishoni mwa kipindi hicho. Nadhani mama huyu ameeleza kikwazo chake vizuri kuliko semina nilizowahi kukaa. Siku gesi itakapouzwa kwa kopo, kwa maana ya kulipia kile unachotumia leo, mpaka kwenye vibanda vya pembezoni kama hiki, zile baiskeli zitapungua zenyewe.

Mzakwe hatukukaa sana, maana eneo la visima linalindwa na hatukuwa na shughuli ndani. Lakini pale ndipo mji unapokunywa. Visima vya bonde la Makutupora vimekuwa tegemeo la Dodoma tangu miaka ya 1950, na kwa bahati kuna watu waliokuwa wakipima na kuandika kina cha maji kwa zaidi ya nusu karne. Kumbukumbu zile zinaonyesha kwamba mvua za kawaida haziongezi kitu cha maana huko chini. Maji hujazwa kwa vishindo, katika misimu michache ya mvua kubwa kama ule wa El Niño wa 1997/98, halafu miaka inayofuata kina kinashuka taratibu huku pampu zikiendelea. Maji ya leo bombani ni ya mvua zilizokwisha kunyesha zamani. Na wanywaji je? Sensa ya 2012 ilihesabu watu 410,956 katika eneo hili la Dodoma mjini. Ya 2022 ikahesabu 765,179.

Mto unaopita bonde hili ni Kinyasungwe Ndogo. Mwezi huu ni mchanga tu, unaweza kuuvuka ukidhani ni njia ya ng'ombe. Nimemwambia Mjomba tutaukuta tena mbele ya safari. Akauliza mbele wapi, nikamwambia Gulwe.

Barabara ya Babati, ambayo ilizinduliwa rasmi mwaka 2018, ni lami mpaka Kondoa na kuendelea. Wakati wa vumbi, Mjomba anasema, safari hii ilikuwa ya kutwa nzima na ulifika umekuwa mwekundu kama tofali. Sasa saa nane mchana tulikuwa tumeshashusha mabomba.

Jumanne: Kolo

Anayekuja Kolo huja kwa ajili ya michoro ya miambani, ile iliyoingizwa kwenye urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2006. Tumepanda. Kuna twiga, kuna pofu, kuna watu wembamba wenye vichwa vikubwa, wote kwa rangi ya udongo mwekundu. Ukigeuza shingo uitazame nchi iliyo chini, hutaona twiga. Utaona makorongo.

Lakini nilichofuata mimi kipo huko huko kwenye makorongo. Mwenyeji wetu alikuwa mzee wa Kirangi ambaye Mjomba anamfahamu tangu enzi za kuendesha gari la serikali. Tulimkuta barazani akipura maharage ya akiba. Baada ya shikamoo na habari za watoto, za wajukuu, za mvua ambayo haijaja, akachukua fimbo akatutangulia.

Kuielewa Kondoa lazima urudi nyuma. Kati ya miaka ya 1920 na 1940 serikali ya kikoloni ilifyeka mapori makubwa huku kupambana na mbung'o. Watu na mifugo wakaingia kwenye maeneo yaliyofunguliwa, idadi ikapanda, vilima vikabaki vipara. Kufika miaka ya 1970 nchi hii ilikuwa imechanika. Mwaka 1973 ukaanzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, ambao kila mtu anaujua kwa jina la HADO, kwa msaada wa Sweden. Wakaleta matrekta, wakachonga matuta ya kukinga maji, wakapanda miti. Ng'ombe wakapanda juu ya matuta wakayalalia. Mwaka 1979 ikatoka amri: mifugo yote itoke kwenye eneo lililomomonyoka, kilomita za mraba 1,200 na ushei. Yote, pamoja na mbuzi.

"Walitupa muda," mzee alisema. "Lakini ng'ombe humhamishi kama godoro. Baba alikuwa na ng'ombe wa mahari, wa maziwa, wa deni. Wengine tuliwapeleka kwa ndugu bondeni, wengine tuliuza kwa bei ya aibu. Mdogo wangu alifuatana nao Kiteto. Ana wajukuu huko sasa."

Nikamuuliza ilichukua muda gani nchi kubadilika. Hakujibu kwa miaka. Alitupeleka kwenye ukingo wa korongo moja, refu kuliko nyumba, akatuambia tushuke. Hapa ndipo nilipokaa kitambo. Ukuta wa korongo unasomeka kama kumbukumbu ya mahesabu: juu kuna utabaka mweusi wa unene wa kiganja, umejaa mizizi, chini yake mchanga mwekundu uliolala kwa mistari, kila mstari ni mvua moja kubwa ya zamani, chini kabisa jiwe lililooza. Ule utabaka mweusi wa juu ndio mpya. Ni majani yaliyooza tangu mifugo iondoke. Kwenye sakafu ya korongo, mahali ambapo maji yalikuwa yakipita na mawe, sasa kuna majani marefu makavu, na migunga miwili mikubwa ambayo haikupandwa na mtu. Mzee akaigonga kwa fimbo. "Hii HADO hawakuipanda. Ile waliyoipanda wao ilikufa nusu. Hii ilikuwemo ardhini."

Wataalamu waliokuja baadaye walisema vivyo hivyo kwa lugha ndefu zaidi: uoto ulirudi hasa kwa sababu ardhi iliachwa ipumzike. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980 ng'ombe wa maziwa waliruhusiwa tena, lakini wa kufungiwa bandani na kukatiwa majani. Mradi wenyewe ulifikia tamati miaka ya 1990. Siku hizi mbuzi utawaona huku na huku, na mzee hakuficha kwamba wawili kati yao ni wake.

Mjomba alikuwa kimya muda wote, jambo ambalo si la kawaida yake. Tulipokuwa tunarudi gari lilipo ndipo akasema. HADO haikuishia Kondoa. Ilifika Mvumi pia, kwao, miaka ya 1980. "Baba yangu alikataa kutoa. Wakaja na askari. Alikaa miaka miwili haongei na mwenyekiti wa kijiji. Na miti ikarudi, siwezi kukataa, ukienda utaiona. Lakini yeye alikufa anaamini ameibiwa."

Nimeliandika hili kama alivyolisema, maana vitabu vya uhifadhi huonyesha picha mbili, kabla na baada, na katikati hakuna mtu. Ardhi ya Kondoa ilipona. Mzigo wake ulihamia Kiteto na kwenye mbuga za jirani pamoja na ng'ombe, na ukahamia kwenye nyumba ambazo maziwa ya watoto yalikatika kwa amri. Bado naamini kulikuwa na haja ya kufanya jambo, tena kubwa. Ila kama ningekuwa na ng'ombe mwaka 1979 ningewaficha.

Jumatano: njiani

Pancha Chemba, jua la utosi. Fundi wa kijijini ametoza bei ya mgeni. Tumerudi Dodoma usiku. Njiani tumezungumzia mto Bubu, ambao hukusanya maji ya vilima vya Kondoa na kuyamwaga Bahi, kwenye lile bwawa la mpunga na kambale. Maji ya Bahi hayaendi baharini. Yanakaa hapo mpaka jua liyanywe. Kwa hiyo udongo wa Kondoa, ule uliotoka kabla ya 1979 na unaotoka leo, mwisho wake ni huko. Nusu ya swali langu imejibika nikiwa nimekaa juu ya tairi.

Alhamisi: Kongwa

Barabara ya Morogoro, kisha Mbande tukaacha lami kuu na kushika ya Kongwa. Huku ndiko Waingereza walikokuja mwaka 1947 kulima karanga. Mpango wao ulikuwa wa ekari zaidi ya milioni tatu kwa ujumla, Kongwa ikiwa mwanzo. Walileta mabuldoza na matrekta yaliyotengenezwa kutokana na vifaru vya vita. Mibuyu ikawashinda, mizizi ya vichaka ikavunja majembe ya chuma, na udongo wa mfinyanzi, ukishavuliwa nguo, ulikauka ukawa sakafu. Mvua nayo ilifanya kama inavyofanya Ugogo: ikaja isipotakiwa, ikakosekana ilipotakiwa. Mwaka 1951 waliacha, pauni milioni 36 hivi zikiwa zimeteketea. Mjomba anaipenda sana hadithi hii. Anasema babu zake waliwaambia, ila hawakuulizwa.

Sehemu ya ardhi ile ikaja kuwa ranchi ya Kongwa. Sisi tulikuwa tunakwenda upande wa Pembamoto, kwenye kazi mbili zinazofanyika sasa katika wilaya za Dodoma, zikisukumwa na taasisi ya LEAD Foundation pamoja na Justdiggit ya Uholanzi: makinga maji ya nusu mwezi na kisiki hai.

Nianze na nusu mwezi, kwa kuwa ni mambo ya vipimo. Kwenye malisho yaliyokufa, watu wamechimba vishimo vya nusu duara, hatua tano sita kwa upana, udongo wake wamerundika upande wa chini wa mteremko. Tumbo la mwezi linatazama juu, maji yanakotoka. Safu ya pili imepangwa ili ipokee kile kilichopita katikati ya safu ya kwanza, na kuendelea. Nimechuchumaa kwenye mmoja. Nje ya tuta, ardhi ina ganda. Nimelibonyeza kwa kidole halikubonyea. Nimelipasua kwa funguo likatoka kama kigae, na chini yake vumbi kavu. Ganda hilo linatengenezwa na matone ya mvua yenyewe. Udongo usio na jani juu yake unapigwa, chembe zinajipanga, matundu yanaziba, na mvua inayofuata inateleza tu kama juu ya saruji. Ndani ya tuta, hatua moja tu kutoka hapo, nyasi kavu hadi magotini, masuke yake yamejaa mbegu, na kidole kinazama mpaka kifundo. Mvua ni ile ile. Tofauti ni kwamba ya ndani ilizuiwa kuondoka.

Nilichopenda kuliko vyote ni kifaa walichotumia shambani jirani kupata mistari ya usawa kwa ajili ya matuta ya fanya juu, yale ambayo udongo wa mtaro hutupwa upande wa juu. Miti mitatu imefungwa kama herufi A, kamba inaning'inia kutoka kileleni, jiwe limefungwa mwishoni mwa kamba. Jiwe likitulia katikati ya mti wa kulala, miguu miwili iko usawa mmoja. Unageuza mguu mmoja, unapiga kigingi, unaendelea. Mimi nyumbani nina kifaa cha mamilioni chenye betri. Nikaomba nijaribu, nikatembea nacho mstari mmoja wa mita kama 50, na kina mama waliokuwa wakinisubiri niharibu walikuwa na haki ya kusubiri, ila jiwe lilinisaidia.

Kisiki hai ni jambo la siku nyingi lililorudi na jina jipya. Shambani kwa mama mmoja, ekari tatu za mtama na alizeti, zamani kulionekana hakuna kitu ila visiki vya mikole na migunga vyenye vichipukizi vingi kama ufagio. Kila mwaka kabla ya mvua alikuwa akivifyeka, akakusanya, akachoma. Wenyewe huku wanaita kuberega. Kila mwaka visiki vikachipua tena, kwa sababu chini yake mizizi ni mizima, imezama kule ambako unyevu haukauki. Mafunzo waliyopewa hayana siri yoyote. Chagua kisiki. Acha machipukizi matatu mpaka matano yaliyonyooka na yenye nguvu, mengine kata. Matawi ya chini pogoa mpaka nusu ya urefu. Funga alama. Linda.

Mama alitukatia mbele yetu. Panga lake lilikuwa limenolewa mpaka linang'aa, na alikata kutoka chini kwenda juu. Nikauliza kwa nini asikate kutoka juu, ndiyo rahisi. "Ukikata kutoka juu unachana ganda mpaka kwenye mti unaoubakiza, mchwa anaingia hapo." Kisha akafunga kitambaa cha rangi kilichochanwa kutoka khanga, ili mwanawe wa kiume na wachungaji wapitao wajue kwamba huu si wa kukata fimbo.

Miti yake mikubwa sasa imempita kimo. Matawi aliyopogoa ndiyo kuni zake za mwaka mzima. Anasema hajaenda porini kuokota tangu masika yaliyopita. Nikamtazama Mjomba, naye akawa anatazama kitambaa.

Hapa lazima niseme langu. Nimehudhuria sherehe nyingi za kupanda miti, kofia na fulana zikigawiwa, kila mkubwa na mche wake na kibao chenye jina lake. Kuna eneo moja ninalolipita kila siku kwenda kazini; vibao bado vipo, vimesimama wima, miche ilishakufa kabla ya Agosti. Mche wa kiriba unahitaji maji kwa miezi saba ya kiangazi cha Dodoma, na anayeumwagilia hana siku yake ya taifa. Kisiki kina mizizi tayari. Sisemi watu wasipande; mjini, ambako hata visiki tumeshang'oa kwa greda, hakuna namna. Nasema tu kwamba tunapopima kiwanja tunaweza kuuacha mti mmoja ukiwa hai kwenye kona, na gharama yake ni sifuri, ila tumezoea kuanza na greda.

Mbuzi, nikamuuliza mama. Hapo akavuta pumzi. Kijiji kina sheria ndogo na faini, lakini mwenye mbuzi wengi ni shemeji yake. "Faini utamtoza shemeji mara moja. Mara ya pili ni kikao cha ukoo." Wamekubaliana kwamba baada ya mavuno awaingize kwenye mashamba yasiyo na alama, na yeye anampa magunia ya mabua. Makubaliano hayo hayajaandikwa popote, na yamedumu misimu miwili.

Ijumaa: Mpwapwa

Mbegu zimefika, mwenye mbegu hayupo, tumemngoja mpaka saa tisa. Mpwapwa ni mji mkongwe uliotulia chini ya milima ya Kiboriani, na kwa watu wa udongo una heshima yake: hapa hapa, katika miaka ya 1930, ndipo yalipofanyika baadhi ya majaribio ya mwanzo kabisa Afrika ya kupima mmomonyoko. Walitenga vipande vya mteremko, kimoja kichaka, kimoja nyasi, kimoja kilimo, kimoja kitupu, wakakinga maji yanayotoka chini ya kila kimoja na kupima udongo uliomo. Kitupu kilipoteza udongo mwingi mno, kichaka karibu na hakuna. Hayo yalijulikana kabla baba yangu hajazaliwa. Kwa hiyo maarifa hatukuyakosa, hilo nitamjibu yeyote.

Jioni wali na kuku wa kienyeji. Mawingu upande wa mashariki, Mjomba anayatazama kama mtu anayedaiwa.

Jumamosi: Gulwe

Imenyesha alfajiri. Si mvua kubwa, dakika 40 hivi, lakini Mpwapwa nzima iliamka na majembe.

Tulifika Gulwe saa tatu. Kinyasungwe ya hapa imeshapokea Kinyasungwe Ndogo ya Mzakwe, imepokea vijito vya Kongwa na Mpwapwa, na reli ya kati, ile ya zamani, inafuatana nayo bega kwa bega kushuka kuelekea Kidete na Kilosa. Maji yalikuwa yameanza. Hayakuwa mengi, yalifika magotini, lakini ukiyachota kwa kiganja na kuyaacha yapite vidoleni, kiganja kinabaki na matope laini kama unga wa ulezi. Nikayanusa: harufu ile ile ya barabara za mitaa yetu mvua ikinyesha.

Mzee mmoja wa stesheni alituonyesha tuta la reli. Mchanga umelala karibu usawa na reli yenyewe, maana mto unaleta udongo kuliko unavyoweza kuubeba. Mteremko ukipungua unautua, na kitanda cha mto kinapanda mwaka hadi mwaka. Mto ukishapanda, mafuriko hayahitaji mvua kubwa. Mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010 maji yalizoa reli kati ya Gulwe na Kilosa, na treni ya bara ikasimama kwa miezi. Nakumbuka bei ya mafuta ya kula kule Tabora wakati huo, nilikuwa kazini huko, na hakuna aliyekuwa akisema habari za visiki vya Kongwa. Tangu hapo wamekuwa wakijenga kingo, wakirudisha kokoto, na mvua nyingine inakuja kuuliza tena. Reli mpya ya SGR, iliyoanza kubeba abiria mpaka Dodoma mwaka 2024, imejengwa kwa madaraja na matuta ya juu, na bado chini yake ni mabonde haya haya.

Kutoka hapa Kinyasungwe inaitwa Mkondoa, Mkondoa inaingia Wami, na Wami inamwaga Bahari ya Hindi karibu na Saadani. Basi udongo wa mitaa yetu, ule usiotuliwa hapa chini ya reli, unaishia kwa wavuvi wa kamba wa Bagamoyo. Mwenye shamba juu hapati hasara ya reli, na mwenye reli hapogoi kisiki. Shirika la reli linaweza kutumia fedha nyingi kila masika kutoa mchanga Gulwe. Sijui kama kuna siku sehemu ndogo ya fedha hizo imepanda mlima kumlipa mama wa Pembamoto kwa visiki vyake, au kumlipa shemeji yake kwa mbuzi anaowazuia. Kwa hesabu zangu za mpimaji, huko juu ndiko mita moja ya tuta ilipo rahisi. Kondoa walilipa wenye ng'ombe peke yao, na kinyongo chake Mjomba anacho mpaka leo.

Mjomba hakuwa akinisikiliza. Alikuwa amesimama kwenye tuta la reli ambako mtandao unashika, anampigia mdogo wake aliyeko Mvumi. Mvua imefika huko pia, na mdogo wake ameita vibarua wasafishe shamba lao la pamoja waberege kabla ya Jumatatu.

"Mbukwa. Wamefika wapi?" Mjomba anasalimia kwa Kigogo na kuuliza. Simu yake ina sauti kubwa, nasikia pande zote mbili.

"Nusu. Upande wa mbuyu umeisha."

"Upande wa korongo waache. Wasikate visiki. Wapunguze tu, wabakize matatu matatu kila kisiki. Nitakuja kuwaonyesha."

"Kaka, nimeshawalipa."

"Walipe na hiyo iliyobaki. Waambie ni ya kutokukata."

Kimya kidogo. Treni ya mizigo inapiga honi mbali, upande wa Msagali.

"Nimlipe mtu kwa kutokukata?"

"Nitarudisha mimi. Na usichome."

"Sawa. Na mbuzi zangu je?"

Mjomba akanitazama, akaondoa simu sikioni akaitazama nayo.

"Mbuzi nikija tutakaa," akasema. "Mwite na shemeji."